Jina Lako Katika Daftari la Mganga

Na Karani wa Parokia

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia habari za daftari. Usigeuze ukurasa ukidhani kwamba hayo ni mambo ya makarani peke yao. Hata wewe usiyeshika kalamu tangu ulipoacha shule, umo katika daftari. Ulipobatizwa uliandikwa. Ulipopata Kipaimara, karani alirudi kwenye mstari ule ule wa ubatizo akaandika pembeni. Siku ulipofunga ndoa alirudi tena, akaandika jina la mwenzako, tarehe na mahali. Hivyo mstari mmoja waweza kusimulia maisha ya mtu tangu utoto wake hata uzee.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, na watu wa kwetu bado waniita Mwalimu, lakini kazi yangu ya kila siku ni vitabu hivyo. Navyo vimenifundisha jambo moja: daftari huwa jema ikiwa tu yaliyoandikwa ndani yake ni kweli. Siku moja, nikiwa na haraka, niliandika mwaka wa kuzaliwa wa binti mmoja kwa kukosea tarakimu moja tu. Miaka ilipita, binti akaposwa, na vyeti vyake vilipotakiwa havikulingana. Harusi ilisogezwa mbele majuma matatu, mbuzi wa karamu akiwa amekwisha kununuliwa. Mama yake hakunisalimu hata Kwaresima ilipokwisha. Nami sikuwa na la kujitetea.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: hata afya bila daftari huisha bila habari. Hilo nililijua vizuri zaidi jioni moja ya mvua za vuli.

SWALI LA JIRANI YANGU

Nilikuwa nafunga ofisi. Akaja mzee mmoja wa kigango chetu, baba wa watoto wanne. Jina lake silitaji, na kijiji chake sikitaji, ingawa yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia haya ili yawafae wengine.

"Shikamoo, Baba," nikamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu."

Akaketi kwenye benchi, akakohoa kwa muda mrefu akijifunika kwa leso. Kisha akauliza, "Mwalimu, mtu akiwa ameandikwa kwa jina lisilo lake, hufutwaje?"

Nilidhani anauliza habari za ubatizo. Nikamweleza kwamba sisi hatufuti wala hatuchani ukurasa. Kikipatikana kibali, tunaandika masahihisho pembeni pamoja na tarehe. Hivyo jina la zamani laonekana, na jina la kweli laonekana, na kila asomaye ajua kwamba hao si watu wawili bali ni mmoja.

Akanyamaza. Mvua ikanyesha. Kisha akasema, "Je, na hospitali nao hufanya hivyo?"

Ndipo aliponieleza. Miaka mitano nyuma alipimwa akakutwa na virusi vya ukimwi. Mkewe aliambiwa, naye akapimwa, akakutwa hana. Lakini mzee aliogopa kutibiwa katika kituo cha afya cha hapa kwetu, maana benchi la kliniki ile laonekana kutoka njia ya sokoni. Basi akawa anapanda mabasi mawili mpaka mji wa mbali. Huko alitoa jina la marehemu babu yake, akataja kijiji kisicho chake, na nambari ya simu isiyo yake. Akapewa dawa za kufubaza virusi, akazimeza vizuri, akapata nguvu, akalima.

Mwezi uliopita kikohozi kilimshika. Hakuwa na nguvu za kupanda mabasi mawili, basi akaja kituo cha hapa kwetu kwa jina lake la kweli. Wakapima makohozi, wakakuta kifua kikuu. Wakamwuliza, "Je, Baba, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Akajibu, "Hapana." Wakampima virusi vya ukimwi, kama wanavyopimwa wagonjwa wa kifua kikuu, wakamwandika kuwa mgonjwa mpya. Wakamwambia aanze dawa za kifua, na baada ya majuma mawili ataongezewa za virusi. Naye nyumbani, kwa siri, akaendelea kumeza vile vidonge vya mji wa mbali.

"Nina kadi mbili, Mwalimu," akaniambia, "na mwili ni mmoja."

KWA NINI KADI MBILI NI HATARI

Pengine wewe msomaji wauliza: kuna ubaya gani? Dawa si alikuwa akimeza?

Sikiliza. Siku hizi wagonjwa wengi wazima hupewa kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hii ya tatu ndiyo yenye nguvu nyingi. Na katika dawa za kifua kikuu imo moja iitwayo rifampisini. Rifampisini ni dawa njema sana, lakini inalihimiza ini liondoe upesi dawa nyingine mwilini. Ikikutana na dolutegraviri, huipunguza nguvu. Kwa hiyo tabibu anayejua kwamba mgonjwa wake anatumia zote mbili humwongezea dolutegraviri nyingine, ya miligramu 50, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Ni kidonge kimoja tu cha nyongeza, na mambo huenda sawa.

Lakini atamwongezeaje asiyejua kwamba anatumia? Jirani yangu alikuwa akimeza dawa iliyopungua nguvu, na virusi vikipata nafasi kama hiyo hujifunza kuishinda dawa. Naye hangejua mpaka siku ya kulala kitandani.

Na kule mji wa mbali? Siku yake ya kwenda ilipopita, jina la babu yake lilitokea katika orodha ya waliokosa kufika. Walipiga simu, akapokea mtu mwingine. Mhudumu akatumwa kijiji kile alichokitaja, akauliza nyumba hadi nyumba habari za mtu ambaye hapana aliyepata kumwona. Wema wote huo ulipotea bure.

MASHINE INAYOKUMBUSHA

Sasa nieleze ni daftari gani hilo linalotoa orodha lenyewe.

Zamani, katika zahanati nyingi, habari za mgonjwa zilikaa katika daftari la shule alilolinunua mwenyewe. Likiliwa na panya, historia yake imeliwa. Kwa malaria ya siku tatu mtu aliweza kuvumilia hasara hiyo. Lakini virusi vya ukimwi ni ugonjwa wa kutunzwa maisha yote. Tabibu wa leo lazima ajue tabibu wa miaka kumi iliyopita alifanya nini. Tena wagonjwa ni maelfu. Kichwa cha mtu hakiwezi kukumbuka yote hayo.

Majirani zetu wa Kenya walikuwa kati ya watu wa kwanza Afrika kujaribu njia mpya. Mosoriot ni kituo cha afya katika nchi ya Wanandi, si mbali na mji wa Eldoret. Mwezi Februari mwaka 2001 waliweka hapo daftari la wagonjwa ndani ya kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mwaka huo huo vyuo hivyo vilianzisha kazi ya kuwatibu wenye virusi, ijulikanayo kwa jina la AMPATH, na daftari lile likatengenezwa upya ili lifae kwa kazi hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wao na wenzao wa shirika la Partners In Health walianza kutunga programu iitwayo OpenMRS. Haiuzwi, anayetaka huichukua bure na kuirekebisha ifae kwao. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo nchini Rwanda. Leo imeenea katika nchi nyingi.

Usidhani kwamba ni uchawi. Ni karani tu mwenye kumbukumbu. Tabibu huandika katika fomu: uzito wa mgonjwa, dawa alizopewa, vipimo, tarehe ya kurudi. Karani wa takwimu huyaingiza yote katika kompyuta, au tabibu huyaingiza mwenyewe. Kule Eldoret, mgonjwa aliporudi, kompyuta ilichapa karatasi moja yenye muhtasari wa habari zake, na chini yake maneno ya kukumbusha: mgonjwa huyu amechelewa kipimo fulani, mtoto huyu hajapimwa damu.

Je, maneno hayo machache yalisaidia? Waliyapima. Katika uchunguzi wao uliotangazwa mwaka 2013, waliangalia watoto wanaotunzwa katika kliniki. Pale tabibu alipopewa karatasi yenye ukumbusho, mambo 68 kati ya kila 100 yaliyokuwa yamechelewa yalifanyika. Pale asipopewa, yalifanyika 18 tu kati ya 100. Matabibu walikuwa wale wale kwa elimu, na mapenzi yao kwa watoto yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa karatasi. Mama anayesoma haya ajue maana yake. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hupimwa akiwa na majuma 6, halafu tena na tena mpaka ijulikane kwa hakika baada ya kuacha kunyonya. Siku moja ikisahauliwa, mtoto aweza kuugua pasipo mtu kujua.

DAFTARI LA KWETU

Hapa Tanzania kliniki za tiba na matunzo, ambazo twaziita CTC, zilianza mwaka 2004. Mgonjwa hupewa kadi yake ya kwenda nayo nyumbani, iitwayo CTC1. Kliniki hubaki na fomu yake, CTC2, na yaliyomo katika fomu hiyo huingizwa katika kompyuta. Ukiangalia kadi utaona nambari ndefu ya tarakimu 14. Wengi hudhani ni mapambo. Sivyo. Tarakimu mbili za kwanza ni mkoa, mbili zinazofuata ni wilaya, nne ni kituo, na sita za mwisho ni wewe mwenyewe. Kwa nambari hiyo, ukihama kutoka Mbeya kwenda Mwanza, tabibu wa huko aweza kuuliza habari zako mahali ulipotoka, nawe usianze upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Daftari hilo ndilo linalowaonyesha waliokosa kufika. Ndilo linalomwambia tabibu kwamba wakati wa kipimo cha wingi wa virusi umefika: miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha mwezi wa 12, halafu kila mwaka, kama Shirika la Afya Duniani linavyoagiza. Na kipimo hicho si cha kupuuzwa. Mtu anayemeza dawa vizuri hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake wa ndoa. Angalia neema iliyomo katika karatasi ya maabara! Lakini lazima karatasi hiyo iingie katika faili la mtu yule yule, kwa jina lile lile.

Tena ujue kwamba huko peke yako. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kati ya kila watu wazima 100 wenye virusi nchini, karibu 83 walijua hali yao. Kati ya hao waliojua, karibu 98 kwa kila 100 walikuwa wakitumia dawa, na kati ya watumiao dawa, 94 kwa kila 100 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Serikali hupanga dawa za kutosha kwa hesabu za namna hii na kwa hesabu za kliniki. Mtu mmoja akiandikwa mara mbili, hesabu huharibika: anaonekana amepotea huku, na kule anaonekana mgonjwa mpya.

JE, SIRI YANGU ITATEMBEA?

Najua swali lililo moyoni mwako, maana ndilo lililokuwa moyoni mwa jirani yangu. "Mwalimu, kabati la mafaili lina kufuli. Lakini hiyo kompyuta, je, si habari zangu zitaonekana kila mahali?"

Ni swali la haki, wala sitakudanganya kwamba hapana hatari. Penye binadamu pana ulimi. Lakini fikiri nami. Faili la karatasi likiachwa mezani, kila apitaye aweza kulifungua, wala hapana ajuaye nani alilifungua. Kompyuta iliyopangwa vizuri hufunguliwa kwa neno la siri la kila mfanyakazi, nayo yaweza kuweka alama ya nani aliingia na saa ngapi. Karani anayemwazima mwenzake neno lake la siri amefanya kosa sawa na mimi nikiacha ufunguo wa kabati la parokia mlangoni.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 yataka hali ya mgonjwa ihifadhiwe kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamlinda kila mtu ambaye habari zake zimeandikwa, na habari za afya ni kati ya zile zinazolindwa zaidi. Basi una haki ya kuuliza: nani anaona habari zangu? Ukiona siri yako imetolewa, usinung'unike kisimani. Mwendee mganga mfawidhi wa kituo, na asipokusikia, panda juu kwa mganga mkuu wa wilaya.

Lakini ngoja nikuambie neno lililonichoma. Nilipomwuliza mzee yule kwa nini alikimbilia mji wa mbali, hakusema aliogopa kompyuta. Hakusema hata kwamba aliogopa wauguzi. Alisema, "Niliogopa watu wa jumuiya yangu." Maana yake ni mimi na wewe. Sisi tupitao njia ya sokoni tukihesabu nani ameketi benchi gani. Sisi tunaosema, "Umemwona fulani? Kumbe naye!" Mashine haikumfukuza jirani yetu. Ulimi wetu ndio uliompandisha mabasi mawili kwa miaka mitano, nauli yake ikitoka katika gunia la mahindi ya watoto.

MASHINE HAITOSHI

Wako wanaoisifu kompyuta kana kwamba itatibu yenyewe. Hao nao wamekosea.

Kwanza, yajua tu yale iliyoambiwa. Ukiidanganya, italihifadhi uongo wako kwa uaminifu mkubwa, miaka na miaka. Karani akikosea tarakimu, itakosea pamoja naye, kama lilivyokosea daftari langu la ubatizo.

Pili, umeme ukikatika, au mashine ikiharibika, kazi haina budi kuendelea kwa karatasi. Kwa hiyo usiitupe kadi yako ukisema, "Nimo kwenye kompyuta."

Tatu, mashine yataka watu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa ghafula misaada yake ya nje, na katika nchi mbalimbali za Afrika makarani wengi wa takwimu waliolipwa kwa misaada hiyo walisimama kazi. Kompyuta zilibaki juu ya meza. Daftari lisilo na mwandishi ni sanduku tu.

Nne, kuna jambo lililoonekana pale pale Mosoriot. Baada ya kompyuta kuwekwa walipima muda, wakakuta kwamba ziara ya mgonjwa imekuwa fupi kwa 22 kwa mia, na kungojea kumepungua kwa 38 kwa mia. Hayo ni mema, hasa kwa mama aliyemwacha mtoto nyumbani. Lakini wakakuta pia kwamba watumishi walikuwa wakitumia nusu tu ya muda wa zamani katika kuzungumza na wagonjwa, na muda wa shughuli zao wenyewe umeongezeka. Nawapongeza kwa kuitangaza habari isiyowasifu. Kwa ndugu zetu wauguzi na matabibu wanaosoma gazeti hili nasema kwa heshima: muda mliopewa na mashine, mrudishieni mgonjwa. Mtazame usoni kabla hamjatazama kioo cha kompyuta. Yawezekana ana kadi ya pili mfukoni, naye angoja tu mtu wa kumwuliza kwa upole.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako anakwenda kliniki, shika haya:

1. Toa jina lako la kweli, lile lile kila mahali, na kijiji chako cha kweli. Likitofautiana na lile la kitambulisho au la ubatizo, mweleze karani ayaandike yote mawili.

2. Nenda na kadi yako kila uendapo kutibiwa, hata kwa jino au kwa kidonda. Ukiulizwa dawa unazotumia, taja zote, pamoja na zile za miti shamba.

3. Ukibadili simu, ukihama, au ukitaka kituo cha karibu zaidi, sema. Omba barua ya uhamisho. Kuhama si kosa. Kosa ni kutoroka.

4. Kabla hujaondoka, mwombe mtumishi akusomee yaliyoandikwa: jina, tarehe ya kurudi, dawa. Uliza, "Kipimo changu cha virusi kilikuwa lini, na kilisema nini?" Hilo si jeuri. Faili ni lako.

5. Ikiwa umekwisha kuandikwa mahali pawili, usiogope. Sema leo. Wala usijiongezee au kujipunguzia dawa mwenyewe. Hiyo ni kazi ya tabibu.

Nawe ambaye huna ugonjwa huo, una kazi yako: chunga ulimi wako njiani na kisimani.

MWISHO WA HABARI YA JIRANI

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza mzee mpaka kituo cha afya. Njiani hakusema neno. Tulipofika alitoa kadi zote mbili, akaziweka mezani mbele ya muuguzi, kama mtu anayerudisha deni.

Tulingoja kukemewa. Muuguzi alizisoma, akainua macho, akasema, "Pole sana, Baba. Umetembea mbali." Basi. Akampigia simu mwenzake wa mji wa mbali. Huko nambari ikapatikana, na habari za miaka mitano zikajulikana: alianza lini, alipewa nini, vipimo vyake vilikuwaje. Majina mawili yakaunganishwa kuwa mtu mmoja. Karani wa takwimu akamfuta katika orodha ya waliopotea. Tabibu akamwongezea kile kidonge cha jioni.

Alitibiwa kifua kwa miezi sita akapona. Kipimo cha virusi kilichofuata kilisema havionekani. Mwezi uliopita nilimkuta ameketi kwenye benchi la kliniki, lile linaloonekana kutoka njia ya sokoni. Aliniita kwa sauti, "Mwalimu! Karibu uketi." Nikaketi pale karibu naye, watu wakipita na vikapu vyao. Wachache walituangalia. Mmoja akasimama, akamwamkia mzee kwa adabu, akamwuliza habari za mahindi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Jirani yangu aliwahi kusema kabla ya kilio. Nawe, ikiwa una kadi ya pili mfukoni, kesho asubuhi ni siku njema ya kuitoa.